Tuseme Kiuakuvu

Kipeperushi kimoja cha afya kinachosomwa Mandera kinaziita dawa za fangasi "viuavijasumu vya ngozi". Kosa hili linaumiza watu, na walioliidhinisha walipaswa kulijua.

Kijasumu ni bakteria: ndani yake mna sumu, neno tulilolipata kwa Waarabu. Kuvu si bakteria. Utando wa seli zake una egosteroli, na hiyo ndiyo klotrimazoli na flukonazoli huizuia isitengenezwe. Bakteria hawana egosteroli. Mama akiambiwa mwanawe anahitaji kiuavijasumu, atampa amoksilini iliyobaki nyumbani, na amoksilini haiigusi kuvu hata kidogo.

Wapo wanaoshabikia "dawa ya ukungu". Mgonjwa akisema ana ukungu, daktari humtazama macho. Istilahi inayompeleka mtu wa mba kwenye foleni ya macho haifai, hata ikipitishwa na kamati ngapi.

Fangasi lenyewe ni Kilatini kilichotufikia kwa mkono wa Waingereza, na wengi hulihusisha na jina la Kiyunani la sifongo. Watu walitumie wapendavyo, ila halizai. Kuvu linazaa. Watanzania wameshaunda sumukuvu, jina la aflatoksini, sumu ya mahindi iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao Ukambani. Tuna kiuagugu, tuna kiuawadudu. Kwa nini kiuakuvu kionekane haramu?

Wapinzani wangu wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba neno hilo limeshachukuliwa na mabwana shamba. Vema! Kuvu ya ngano na kuvu ya ngozi ni za himaya moja, na dawa za jamii ya azoli hutumika shambani na hospitalini. Ya pili, kwamba griseofulvini, iliyopatikana mwaka 1939 kutoka kuvu ya Penicillium, haiui bali huzuia kuvu isikue. Hata tetrasaiklini huzuia tu bakteria wasizaane, na bado wapinzani wangu huiita kiuavijasumu bila kusita. Kipimo walichokilegeza kwa neno lao wasikikaze kwa langu.

Kwa matumizi: choa cha kichwani, yale mashilingi ambayo watoto wa wafugaji wanaweza kuambukizwa hata na ndama wa ngamia, hakiponi kwa krimu peke yake; huhitaji kiuakuvu cha kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya daktari. Krimu za steroidi hupunguza wekundu huku kuvu ikienea.

Kwa hiyo kipeperushi hicho kichapishwe upya. Kiandikwe kiuakuvu, wingi viuakuvu, na jina la kila dawa liwekwe kando yake, ili muuza dawa na mnunuzi wazungumzie kitu kimoja.