Tonto, Obundu na Supu ya Asubuhi: Chakula cha Mnywaji katika Bukonzo

Katika Bukonzo, magharibi mwa Uganda, kuanzia vilima vya Mahango hadi tambarare za Kasese na soko la Bwera, kinywaji cha asili ni divai ya ndizi, tonto, ambayo ng'ambo ya mpaka, Kongo, huitwa kasiksi. Ndizi hufukiwa shimoni au hutundikwa juu ya meko mpaka ziive, kisha hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa na kuachwa siku moja hadi tatu. Tonto changa huwa bado na sukari, chembe za mtama na hamira, hivyo ni nusu kinywaji, nusu uji. Haidumu, kwani siku chache baadaye hugeuka siki. Ndiyo maana aliyepika aliita watu, na watu hawaitwi bila kupikiwa.

Miongoni mwa Wakonzo, wenyeji wa Bukonzo, mahari hulipwa kwa mbuzi, kwa hiyo sherehe iliyotoa pombe ilitoa na nyama. Msingi wa mlo ni obundu, ugali mzito wa muhogo, unaoliwa kwa sombe (majani ya muhogo), maharage au samaki wa maziwa ya Edward na George. Chumvi ilitoka Katwe, katika ziwa la volkeno ambalo mvumbuzi Stanley alilipita mwaka 1889 akakuta biashara yake imeshamiri. Mlo huo haukubuniwa kuwa dawa ya pombe, lakini mtu angeagizwa kubuni dawa hiyo asingepata mseto bora sana kuliko huo.

Sababu iko tumboni. Pombe hupenya kidogo tu kwenye kuta za tumbo. Nyingi huingia damuni kupitia utumbo mwembamba. Tumbo likiwa tupu, kinywaji hushuka huko upesi. Likiwa na wanga, mafuta na nyama, mlango wake wa chini hufunguka polepole, pombe hupita kidogo kidogo, na kilele chake damuni hushuka. Ini la mtu mzima huchoma takriban gramu 8 hadi 10 za pombe kwa saa, kwa hiyo kuchelewesha kunalipa ini nafasi ya kwenda sambamba na mnywaji. Kucheleweshwa si kufutwa: aliyekwisha kulewa hazinduliwi na sahani ya obundu, na ini la mlevi wa miaka halikombolewi na mbuzi. Warumi nao walitafuta njia ya kuhimili pombe. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, mwandishi wao Cato aliwashauri wanaokwenda karamuni wale kabichi mbichi kwa siki kabla ya kuketi, na majani kama matano baada ya mlo. Kabichi haina uwezo huo. Kilichosaidia huenda ni kutokunywa kwa njaa.

Uhusiano huo wa pombe na mlo ulilegezwa na pombe kali. Mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, alijenga Fort George hapo Katwe ili kushika njia ya chumvi, akaendelea hadi Ziwa Albert na kurudi na askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, gavana wa Ikweta, ambao baadhi yao aliwaacha katika ngome za ufalme wa Toro. Ujuzi wa kupika pombe kali nchini Uganda huhusishwa na askari hao, na jina la pombe hiyo, waragi, lina sura ya araki ya Kiarabu. Hadithi ya vijiweni, kwamba ni Waingereza walioiita “war gin”, yaani jini ya vita, inapendeza zaidi kuliko inavyoshawishi.

Waragi hutokana na tonto ileile ikichemshwa na mvuke wake kupozwa. Mtama, sukari na hamira hubaki chunguni. Kinachotoka hakiozi, kinabebeka kwenye chupa na kinauzwa kwa kipimo kidogo. Hakihitaji tena kuita watu, wala kuchinja. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku kwa Waafrika, kwa mujibu wa mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, lakini kikaendelea kupikwa kwa siri, na kitu cha siri hunywewa haraka. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, mwaka ambao shaba ya mgodi wa Kilembe ilianza kuchimbwa kwa wingi. Mchimbaji mwenye mshahara mkononi, mbali na shamba na jiko la kwao, alinunua pombe mahali pamoja na chakula pengine, au hakununua chakula.

Sheria ya Enguli (jina jingine la waragi) ya 1965 ilitaka wapikaji wawe na leseni na pombe yao isafishwe kiwandani, ndipo ikazaliwa Uganda Waragi ya chupa. Upikaji wa nyumbani haukukoma. Mwaka 2010 waragi yenye methanoli iliua makumi ya watu wilayani Kabale. Dhidi ya sumu hiyo chakula si kinga, kinachohitajika ni hospitali mapema. Vifuko vya plastiki vya waragi, vilivyokuwa rahisi kumezwa bila mlo wowote, vilipigwa marufuku mwaka 2019.

Chakula kimerudi kwa mlango mwingine. Jioni barabarani huchomwa nyama iitwayo muchomo, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Asubuhi huja katogo, ndizi zilizopikwa chungu kimoja na utumbo au maini, pamoja na mchuzi mwingi. Pombe huzuia homoni inayozifanya figo zihifadhi maji, kwa hiyo mnywaji huamka na kiu na kichwa kizito. Mchuzi humrudishia maji na chumvi, na ndizi humpa potasiamu na wanga. Wengine huzimua kwa glasi nyingine. Hiyo hutuliza kwa saa chache, kisha maumivu hurudi pamoja na deni la glasi yenyewe.