Mahari, shamba na sheria ya ndoa Minnesota

Mwezi Mei mwaka 2020, Gavana Tim Walz wa jimbo la Minnesota, Marekani, alitia saini sheria inayopiga marufuku ndoa ya mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Awali, vijana wa miaka 16 na 17 waliweza kufunga ndoa kwa ridhaa ya mzazi na idhini ya jaji.

Katika majiji pacha ya Minneapolis na Saint Paul wanaishi Wahmong wengi, jamii iliyoanza kuwasili kama wakimbizi baada ya vita vya Laos kumalizika mwaka 1975. Katika milima ya Laos, kilimo cha mpunga na mahindi kilitegemea nguvu za familia. Binti aliyeolewa alihamishia kazi yake kwa ukoo wa mume, na mahari, aghalabu vipande vya fedha, ilikuwa fidia kwa wazazi.

Hesabu hiyo si ngeni Afrika Mashariki, ambako ng'ombe wa mahari ya binti huweza kumwozesha kaka yake. Kenya iliweka umri wa miaka 18 mwaka 2014. Nchini Tanzania, Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa vinakiuka katiba.

Minnesota haitambui ndoa ya mkazi wake mwenye umri mdogo hata ikifungwa kwingine. Aidha, harusi ya kimila isiyo na leseni haitoshi kuwa ndoa kisheria, hata mahari ikiwa imelipwa yote.