Aliyeiendesha Nchi na Aliyeikimbia: Historia Fupi ya Neno "run"

Katika kazi za tafsiri za wanafunzi wetu kuna makosa ambayo mwalimu huyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kupita, na kuna makosa yanayoigeuza habari nzima chini juu. Tuchukue sentensi fupi ya Kiingereza: "Amin ran the country." Mwanafunzi aliyekariri kwamba "run" ni "kimbia" huandika: "Amin alikimbia nchi." Upatanisho wa kisarufi uko sawa na tahajia iko sawa, lakini maana imepinduka. Idi Amin aliiendesha Uganda tangu Januari 1971. Aliikimbia Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipouteka mji wa Kampala. Kati ya kuiendesha nchi na kuikimbia kuna miaka minane. Vivyo hivyo kwa "She runs a school." Ukiandika "Anakimbia shule", mwalimu mkuu amekuwa mtoro.

Makala haya yanaeleza jinsi neno hili dogo lilivyojikusanyia maana nyingi, na kwa nini Kiswahili kilishika njia nyingine. Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili kwa wanafunzi waliosomeshwa kwa Kiingereza, historia hii ni zana ya kufundishia.

Kutoka kwenye maji hadi kwenye mashine

"Run" ni neno la kale. Lilikuwamo katika Kiingereza kabla ya mwaka 1100, nalo ni la ukoo mmoja na maneno ya lugha ndugu kama Kijerumani na Kiholanzi. Tangu zamani hizo lilikuwa na maana mbili: mwendo wa haraka wa miguu na mtiririko wa maji. Kijerumani cha leo kina vitenzi viwili vya ukoo huo: "rennen" kwa mtu anayekimbia na "rinnen" kwa maji yanayotiririka. Kiingereza kiliziacha maana zote mbili katika neno moja.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Maji na mkimbiaji wana sifa moja inayowaunganisha: vyote viwili husonga mfululizo. Basi kila kilichoonekana kusonga mfululizo kikaweza kuitwa kwa neno hilo. Pua yenye mafua "runs", bomba lililo wazi "runs", rangi ya kitambaa kipya ikichuja nayo "runs". Kisha hata visivyosonga kabisa vikaingia, mradi vimenyooka kutoka hapa hadi pale: barabara kati ya miji miwili, mpaka kati ya nchi mbili, mkataba wa miaka mitatu.

Mlango huo ulipanuka zaidi wakati wa Mapinduzi ya Viwanda. James Watt alisajili maboresho yake ya injini ya mvuke mwaka 1769, na mwaka 1830 ikafunguliwa reli kati ya Liverpool na Manchester. Mashine haina miguu, lakini husonga bila kukoma, na garimoshi hufuata ratiba. Neno la mkimbiaji likawafaa wote wawili. Na palipo na mashine pana mtu anayeitia mwendo. Kitenzi ambacho kwa kawaida kilieleza kinachosonga kikazidi kutumika kwa yule anayekisogeza: mashine, karakana, hoteli, na mwishowe serikali.

Huko Marekani, katika karne ya 19, neno liliingia pia katika siasa. Mpaka leo mwanasiasa wa Marekani anayetaka kiti "runs", yaani hukimbia. Mwenzake wa Uingereza, kwa desturi ya lugha yake, "stands", yaani husimama. Wetu hafanyi lolote kati ya hayo mawili: yeye hugombea, kwa kitenzi kilichonyambuliwa kutoka "gomba". Katika karne ya 20 zikaja kompyuta, na programu nazo zikaanza "kukimbia".

Watunga kamusi ndio walioubeba mzigo wa historia hiyo. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", ambalo kitenzi chake kilipewa maana zipatazo 430. Katika kazi ya toleo la tatu, mhariri Peter Gilliver alitumia zaidi ya miezi tisa kulishughulikia "run". Alipomaliza, kitenzi peke yake kilikuwa na maana 645.

Kiswahili kilipita wapi?

Kitenzi chetu "kimbia" nacho kina historia ya maana zake, ila kilielekea kwingine. Kinapotangulia jina la mahali au la mtu, hudokeza hatari na kuondoka: kukimbia vita, kukimbia deni, kukimbia nchi. Kutokana nacho tumepata "kimbilia", "kimbilio" na "mkimbizi", neno ambalo katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu halihitaji maelezo. Tumtofautishe na "mkimbiaji", ambaye hutafuta medali. "Kimbiza" ina sura mbili: mwizi hukimbizwa na watu, mgonjwa hukimbizwa hospitalini, na Tanzania hukimbiza Mwenge wa Uhuru.

Kazi nyingine za "run" Kiswahili kimezigawa. Maji hutiririka, kamasi hutoka, nguo huchuja, saa hutembea, fedha huisha, mabasi hufanya safari kati ya Kampala na Nairobi. Shule, kampuni na nchi huendeshwa, kutokana na "enda", si "kimbia". Kiswahili humtazama kiongozi kama mtu anayekifanya kitu kiende, kasi haimo.

Mwanafunzi wa Uganda ana mtego wa ziada. Katika Luganda, "okudduka" ni kukimbia, na "okuddukanya", kitenzi cha mzizi uleule, ni kuendesha shughuli au taasisi. Kiingereza na lugha yake ya kwanza vyote viwili vinamvuta kwenye mzizi wa kukimbia. Kiswahili peke yake ndicho kinachokataa. Kosa lake basi si uzembe. Ni mantiki sahihi iliyopelekwa kwenye lugha isiyoifuata.

Wala tusidhani kwamba wingi wa maana ni ugonjwa wa Kiingereza tu. Mgeni anayejifunza Kiswahili huambiwa "piga" ni kuchapa, kisha akasikia watu wakipiga simu, pasi, picha, kura, hodi, magoti, chafya na, naam, mbio. Anavyoshangaa yeye ndivyo anavyoshangaa mwanafunzi wetu mbele ya "run".

Darasani

Orodha ya maana 645 haifundishiki. Kinachofundishika ni maswali mawili kabla ya kutafsiri: Ni nini kinachosonga? Je, kinasonga chenyewe au kuna anayekisogeza? Kikiwa ni mtu na miguu yake, "kimbia" au "piga mbio". Kikiwa ni kimiminiko, "tiririka", "toka" au "chuja". Akiwapo anayekisogeza, "endesha". Na asiyekubali matokeo ya maswali hayo aisome tafsiri yake kwa sauti kwa mtu asiyeliona andiko la Kiingereza, amuulize ameelewa nini. Akijibiwa kwamba rais ametoroka, basi kazi irudiwe kabla ya kufika kwa mwalimu, au mbaya zaidi, kabla ya kusomwa redioni.