Keezo, Kifaa cha Mto Nile

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Ukipita soko la Konyo Konyo hapa Juba asubuhi, mtazame mama wa chapati. Kifimbo anachosukumia unga ni laini, na unene wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Kisu peke yake hakifikii hapo. Kifimbo hicho kimekerezwa: mti ulizungushwa, fundi akaushikia patasi. Kifaa cha kuzungushia mti huitwa keezo.

Mojawapo ya picha za kale kabisa za keezo iko Misri, kando ya mto huu huu unaopita Juba. Imechongwa katika kaburi la kuhani Petosiris, Tuna el-Gebel, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Mafundi ni wawili: mmoja anavuta kamba iliyoviringishwa, mwingine ameshika patasi.

Kamba ikivutwa, mti huzunguka kumwelekea fundi, na patasi hukata. Kamba ikirudi, patasi huondolewa kidogo. Baadaye upinde ulimwezesha fundi kufanya kazi peke yake. Kule Ulaya, karibu mwaka 1480, Leonardo da Vinci alichora keezo la kukanyaga lenye gurudumu zito, mti ukazunguka upande mmoja bila kurudi nyuma. Mvuke na umeme vilifuata.

Kwa majirani zetu wa Sudan, kazi hiyo inaonekana katika miguu iliyokerezwa ya angareb, kitanda cha mbao na kamba.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Na sisi je? Mbao tunazo. Mitiki ya Kagelu na Loka ilipandwa tangu enzi za Waingereza. Lakini vita vya Desemba 2013 na Julai 2016 viliwatawanya watu. Fundi akikimbia, mashine hubaki nyuma. Kinachosafiri naye ni ujuzi. Akirudi leo, mara nyingi hakuti umeme, wala hana fedha za jenereta. Wengine hukata tamaa hapo.

Historia inamwambia asubiri kidogo. Kwa zaidi ya miaka 2,000 keezo lilifanya kazi bila umeme. Nguzo mbili, ncha mbili za chuma, kamba, ufito unaopindika juu na ubao wa kukanyaga chini vinatosha kuanza.

Anza na vitu vidogo: mpini wa patasi, kifimbo cha chapati, pia ya mtoto. Tumia vipande vinavyobaki kwenye karakana za milango; hakuna haja ya kuangusha mti. Funga mikono ya shati, kinga macho, na usipime kitu kinachozunguka.

Swali kwa vikundi vya wasikilizaji: katika mtaa wenu, ni mzee gani bado anajua kukereza, na nani anajifunza kwake?



(MUZIKI WA KUFUNGA)