Tarehe ya Mlango wa Wabeba-Gurudumu na Haki ya Vichwa-Miiba

Katika kabila la Wabeba-Taya, ambalo maulamaa wa wanyama hulitaja kwa jina la Gnathifera, hapana mlango uliotangulia kwa sifa na kwa kuenea katika nchi kama mlango wa Rotifera, yaani Wabeba-Gurudumu. Nao ni wale viumbe ambao wengi wao hawafikii nusu ya milimita, wenye taji la vinyweleo kichwani lipigalo maji hata mtazamaji akadhani kwamba magurudumu mawili yanazunguka, na wenye mataya kooni yatafunayo mbele ya macho yetu kwa kuwa miili yao hupenya nuru. Wamo maziwani na madimbwini, wamo katika udongo wenye unyevu na katika vumbi la mitaro ya paa.

Nimeazimia kuiandika nasaba yao kwa sababu wapo hata leo wanaowanyima Vichwa-Miiba, ambao ni Akanthosefala, haki ya kuhesabiwa katika mlango huu. Hao wanaokanusha husema: watazameni minyoo hawa wanaojichoma kwa pua ya kulabu katika utumbo wa samaki, ndege na nguruwe, hawana gurudumu, hawana taya, hawana kinywa wala tumbo, na jike wa yule wa nguruwe, Macracanthorhynchus hirudinaceus, hupita sentimita 30 kwa urefu, basi vipi atakuwa ndugu wa kiumbe asiyeonekana pasipo hadubini? Kauli hiyo ina sauti kubwa na hoja ndogo. Aishiye ndani ya chakula kilichokwisha kusagwa, akakifyonza kwa ngozi yake, hana haja ya taya, na kitu kisichohitajiwa hupotea katika vizazi. Bali ngozi yenyewe haikupotea, nayo ndiyo shahidi wetu. Kwa Wabeba-Gurudumu na kwa Vichwa-Miiba, ngozi ni moja isiyogawanywa kwa tando za seli, na tabaka la kuitia nguvu limekaa ndani yake, si juu yake kama ilivyo kwa wanyama wengi. Kisha mwaka 1996 James Garey na wenzake wakazisoma jeni zao, wakawakuta Vichwa-Miiba ndani ya nyumba, katikati ya watoto wengine, wala si barazani kama wageni.

Na kwa kuwa nimeitaja nyumba hii, si haki nipite nisieleze ajabu ya mbari ya Bdeloidea, ambao katika wote waliochunguzwa hajaonekana dume hata mmoja. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft, Uholanzi, alisimulia mwaka 1702 kwamba alichukua vumbi kavu la mtaro wa nyumba yake, akalitia maji, na kabla ya muda mrefu vidudu vikajinyoosha vikaogelea. Habari hiyo baadaye ilizusha ugomvi mkubwa Ufaransa, mtaalamu mmoja, Doyère, akisema kwamba kilichokauka hufufuka na mwingine, Pouchet, akikataa katakata, hata Chama cha Biolojia cha Paris kikaunda tume, na Paul Broca akaandika ripoti yake mwaka 1860 kwamba wako waliokaushwa, wakatiwa katika joto la digrii 100, kisha wakapewa maji wakaamka. Na mwaka 2021 wataalamu wa Urusi wametangaza kwamba katika ardhi iliyoganda ya kaskazini-mashariki ya Siberia, iliyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 24,000 hivi, wametokea Bdeloidea waliozinduka na kuzaa.

Turejee kwenye nasaba, tuwataje na ndugu wengine wa kabila la Wabeba-Taya. Vinywa-Taya wa mchanga wa bahari alitutangazia Peter Ax mwaka 1956. Limnognathia maerski, mwenye urefu kama sehemu ya kumi ya milimita na mataya yaliyoungwa kwa vipande vingi mno, alipatikana mwaka 1994 katika chemchemi baridi ya kisiwa cha Disko, Greenland, na Kristensen na Funch wakamwandika mwaka 2000. Minyoo-Mishale wa baharini wameingizwa kabilani juzi tu, mwaka 2019.

Lililobaki ni kujua Vichwa-Miiba walitoka tumbo lipi katika nyumba ya Wabeba-Gurudumu. Wako wanaowapeleka kwa Bdeloidea, na wako wanaowaweka pamoja na Seison, mbari nyingine ya nyumba hiyo. Mimi naifuata kauli ya pili, kwa kuwa Seison hukaa juu ya mwili wa Nebalia, aliye jamaa wa kamba, na Vichwa-Miiba nao, kabla ya kuingia utumboni mwa samaki au nguruwe, hupitisha utoto wao ndani ya miili ya jamaa wa kamba na wadudu.