KIBARUA: BARUA NDOGO YENYE HAKI KUBWA

Kila asubuhi watu hutoka Kawangware na Kangemi kwa miguu kwenda kutafuta kibarua kwenye mijengo ya Lavington, Kileleshwa na Westlands. Aliyeachishwa kazi atakwambia kibarua kimeota nyasi. Hata watangazaji wa mpira husema timu fulani ina kibarua kigumu. Hebu tujiulize, neno hili lilitoka wapi?

Kibarua ni barua ndogo tu, kama kijiko ni mwiko mdogo. Na barua yenyewe wataalamu huiunganisha na Kiarabu, baraa, yaani hati ya kumtoa mtu katika deni au lawama. Wewe uliyesoma chuoni unalijua neno hili, kwani Suratut Tawba huitwa pia Suratu Baraa.

Unguja katika karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, na akikirudisha analipwa pesa zake. Polepole jina la karatasi likawa jina la mtu, kisha jina la kazi. Na tusifichane: wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ilikwenda kwa mabwana zao, wakiwemo Waislamu wenzetu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Neno likabaki.

Huku Nairobi wakoloni walileta karatasi nyingine: kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya mkebe wa chuma. Bila bosi kutia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine. Kibarua kilimdai tajiri. Kipande kilimfunga mfanyakazi. Harry Thuku alipinga mambo haya, akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, wakamiminiwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Barabara iliyo hapo karibu na Chuo Kikuu leo inaitwa Harry Thuku.

Sasa tazama ajabu: kibarua wa leo mara nyingi hana hata karatasi! Anategemea mdomo wa msimamizi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua hulipwa mwisho wa siku, na akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Wangapi wanaijua?

Sisi tuna amri kubwa zaidi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandika madeni. Basi wewe uliyemwita mama fua, amefua tangu asubuhi naye amefunga, halafu unamwambia "kuja Jumatatu", saumu yako ni ya namna gani? Mlipe kabla ya magharibi. Ikiwa kweli huna, andika deni, mpe karatasi mkononi. Hicho ndicho kibarua chenyewe, na siku ukilipa utapata baraa yako, inshallah.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu. Wallahu aalam.