Shosho Yuko Inua Jamii? Ripoti Haya Mapema Kabla Doo Ikatike

Kama uko na shosho ama guka pale Yamumbi anayepokea pesa za Inua Jamii, hii stori inakuhusu hata kuliko yeye. Pesa ni zake, sawa. Lakini ni wewe uko na miguu ya kukimbia hadi ofisini na macho ya kusoma fomu. Na mara mingi doo hukatika juu ya kitu kidogo sana: maisha ya mzee yamebadilika, lakini rekodi ya serikali imebaki pale pale.

Tuanze na msingi. Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wakati mwingine pesa za miezi miwili huingia pamoja, 4,000. Iko na makundi matatu: wazee, mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkali. Mwaka wa 2018 upande wa wazee ulifunguliwa kwa Wakenya waliofika miaka 70, bora mtu asiwe anapokea pensheni ama pesa za kundi lingine la mpango huu. Hayo masharti hayaishi siku ya kujisajili. Yanaendelea.

Haya ndiyo mabadiliko ya kuripoti.

1. Laini ya simu

Malipo yamekuwa yakihama kutoka benki kwenda M-Pesa, kwa hivyo laini ni kitu serious. Iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha shosho mwenyewe, si chako, si cha jirani aliyemsaidia kununua. Piga *106# kwa simu yake uone laini zilizo kwa jina lake. Laini ikipotea, arudishiwe namba ile ile kwanza. Ikishindikana na abadilishe namba, ripoti kabla ya malipo yafuatayo. Na PIN ibaki siri yake. Ukiijua wewe, siku pesa ikipotea wa kwanza kuulizwa ni wewe.

2. Kitambulisho

Kikipotea, chukua abstract ya polisi, kisha uombe kingine. Angalia jina na tarehe ya kuzaliwa kwa makini. Herufi moja ikitofautiana na rekodi ya Inua Jamii, mfumo unaweza kumwona kama mtu mwingine kabisa.

3. Mzee hawezi kutembea tena

Kuna nafasi ya kuandikisha mlezi, yaani mtu wa familia anayemsaidia kufuatilia pesa. Mlezi akihama, akifa ama akianza kula hizo pesa, mzee ana haki ya kumbadilisha. Msikae kimya juu ni binamu. Ongeeni na ofisi.

4. Amehama

Shosho akitoka Yamumbi akaenda kukaa na mtoto wake Kitale ama Nakuru, ofisi ya zamani na ile mpya zote zijue. Wakija kuhakiki walio hai na wamkose nyumbani, jina lake linaweza kuwekwa kando.

5. Pesa nyingine imeanza kuingia

Mfano: mume alikuwa mwalimu, amefariki, na mjane ameanza kupata pensheni. Ama shosho analea wajukuu mayatima, na nyumba iko kwa kundi la watoto. Usijiamulie kimoyomoyo eti hawatajua. Uliza afisa kama inamhusu na upate jibu. Kwa kundi la watoto, kumbuka pia mtoto akifika miaka 18 si mtoto tena kwa hesabu yao.

6. Mzee amefariki

Hii ndiyo ngumu. Kuna matanga, kuna deni, na simu ya marehemu bado inaita. Kama amefia nyumbani, naibu wa chifu ndiye wa kwanza kuambiwa, na ndiye hutoa kibali cha mazishi. Kama ni hospitalini, hospitali hutoa karatasi yake. Baadaye tafuteni cheti cha kifo, mpeleke kopi kwa ofisi ya Inua Jamii. Pesa ikiingia baada ya kifo, msiiguse. Hiyo si ya urithi, ni ya umma. Na hata mali yake halisi, Sheria ya Urithi inakataza kuigusa bila idhini ya korti. Kama kuna miezi aliyokuwa hai na hakulipwa, ulizeni ofisini badala ya kujitolea wenyewe.

Unaripoti wapi?

Anza na mzee wa mtaa ama naibu wa chifu, kwa sababu barua yake itahitajika karibu kila mahali. Kisha nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kwa watu wa Yamumbi, hiyo ni Kapseret. Huko mashinani pia kuna kamati za wanufaika, wazee na walezi wenyewe, na hizo hujua njia za mkato halali. Beba kitambulisho cha mzee, kadi ya benki kama bado anayo, na namba ya simu yake.

Sasa shika hii. Usiripoti kwa mdomo pekee. Andika barua fupi: jina, namba ya kitambulisho, kilichobadilika, na tarehe. Toa kopi mbili, moja igongwe muhuri na urudi nayo nyumbani. Hiyo karatasi ndiyo itakutetea siku mtu akisema, "Hatukuwahi kuambiwa."

Na doo ikikatika licha ya hayo yote? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ya serikali ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iombe hiyo sababu, kwa heshima lakini bila woga. Wakikupiga chenga, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamishi kama hayo, na hulipi kitu.

2,000 inaweza kukaa kama ya weekend moja kwako. Kwa shosho ni unga, dawa ya presha na mafuta ya taa. Wikendi hii ukienda kumwona, omba kitambulisho na simu yake, mkae chini mkague haya sita pamoja.